Nyota Nyekundu Ndani ya Mita

Mgao wa maji ulipoanza Nairobi Januari 2017, mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari la maji la ploti yetu huku Kayole. Aliyekuwa akilishika alihama, na wapangaji wenzangu wakasema kwa kuwa naandika hesabu za chama cha kina mama, na hizi za maji nizibebe. Lilikuwa daftari la shule, jalada limelowa na kukauka mara nyingi hadi limejikunja pembe zote nne.

Ploti yenyewe ni ghorofa tatu, nyumba 18, mita moja getini. Mapatano na mwenye ploti yalikuwa ya tangu zamani: kodi ni yake, maji ni yetu. Bili ikija inagawanywa kwa 18, kila mlango unatoa sawa na mwingine, basi. Anayechelewa anabishiwa hodi na keateka, yaani msimamizi wa jengo, na akizidi kuchelewa anafungiwa koki.

Mwezi wangu wa kwanza bili ilisoma yuniti 110. Nikakaa nayo mezani, nikachukua kikokotoo cha simu, nikataka kujua kila shilingi imetoka wapi.

Bei ya maji ya nyumbani ilikuwa imepangwa kwa ngazi. Yuniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Yuniti sita za kwanza zilikuwa shilingi 204 zote pamoja. Kuanzia ya saba hadi ya 60, kila moja shilingi 53. Ukipita 60, kila moja shilingi 64. Kisha iliongezwa ada ya maji taka, asilimia 75 ya bei ya maji. Sababu ya ngazi hizo ni njema na naiunga mkono mpaka leo: mwenye kupika, kuoga na kufua apate maji kwa bei anayoiweza, na mwenye kumwagilia bustani na kuosha magari matatu alipe zaidi, afikiri kabla ya kufungua mfereji. Maji ya mji huu hayatoshi. Nairobi inahitaji zaidi ya lita milioni 800 kwa siku, na kwa miaka mingi ilikuwa ikipata kama milioni 525. Lazima pawepo njia ya kumfanya mtu abane.

Lakini hesabu ya ploti ilinitoka hivi: 204 kwa sita za kwanza, 2,862 kwa zile 54 zilizofuata, na 3,200 kwa 50 za mwisho. Jumla 6,266 kabla ya maji taka, karibu 11,000 pamoja nayo. Nikagawa yuniti 110 kwa milango 18, nikapata sita na kidogo kila nyumba. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Kila mlango ungekuwa na mita yake, karibu sote tungekuwa ngazi ya chini kabisa, ile ya 204. Mita yetu ni moja, na mita haijui nyuma yake kuna familia ngapi. Kule inakoandikiwa bili tulihesabiwa kuwa nyumba moja yenye kiu kubwa mno, na karibu nusu ya maji yetu tukayalipia bei iliyowekwa kwa ajili ya wenye bustani.

Jambo la pili nililiona kwa kuambiwa, si kwa hesabu. Shosho wa nyumba namba 3 alikuwa akiishi na mjukuu wake mmoja. Nilipomfikia na daftari alinionyesha beseni lake la bluu nyuma ya mlango. Mtoto huoga ndani yake asubuhi, maji yale hufulia matambara, kisha ndiyo humwagwa chooni. Mvua ikinyesha hukinga kwenye ndoo chini ya bomba la paa. Akaniuliza, bila hasira:

"Mwanangu, nikilipa sawasawa na wa huko juu walio saba, mimi nabana kwa faida ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua shilingi 609 zake nikaandika "amelipa," nikapanda ngazi. Tangu siku hiyo kila niliposikia redioni watu wakihimizwa kubana maji, lilinijia beseni lile. Ukimwambia mtu abane, halafu unamlipisha alichomwaga jirani, umemfundisha kwamba kubana ni hasara.

Kuna na bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye bili. Mgao ulipokaza tulikuwa tukipata maji usiku mbili kwa wiki, na tangi la chini likikauka kabla ya zamu kufika, tunanunua kwa mikokoteni. Mtungi ulikuwa shilingi 20, siku mbaya ukafika 50. Chukua hiyo 20 tu uzidishe kwa mitungi 50: yuniti moja, shilingi 1,000, dhidi ya 53 ya bombani. Mathare ziliwekwa mashine za maji za kadi mwaka 2015, mtungi senti 50, na hapo yuniti ilikuwa shilingi 25. Mji mmoja, maji yale yale ya kutoka milima ya Aberdare, na mtu alilipa 25 au 53 au 1,000 kutegemea bomba linafika wapi. Hakuna ngazi ya bei inayomlinda anayenunua kwenye mkokoteni. Yeye hayumo kitabuni kabisa.

Niliamua kujifunza kusoma mita. Tangu 2014 kulikuwa na mpango wa Jisomee Mita, unasoma mwenyewe, unatuma namba kwa simu na bili inarudi kwenye simu, kwa hiyo wazo la mpangaji kuinama getini na tochi halikuwa geni mjini. Namba nyeusi ni yuniti kamili. Namba nyekundu ni vipande vya yuniti. Watu wengi hugombana na bili kwa sababu wamesoma nyeusi na nyekundu kwa pamoja. Na katikati ya kioo kuna kidude kidogo mfano wa nyota, chekundu kwenye mita yetu, kinachozunguka maji yakipita hata kama ni kidogo kiasi gani. Fundi wa mabomba aliyekuja kurekebisha pampu ndiye aliyenionyesha. "Mama, funga kila kitu, halafu itazame nyota. Nyota haidanganyi."

Nikangoja zamu yetu. Maji yalifika saa tano usiku kwa kishindo, kwanza hewa ikipiga filimbi ndani ya bomba na nyota ikizunguka kama feni kabla hata tone halijatoka. Hewa hiyo nayo huhesabiwa, na hilo ni lalamiko la haki la mitaa yote inayopewa maji kwa zamu. Tuliacha tangi lijae. Saa tisa alfajiri mimi na keateka tulifunga koki ya kuingilia tangini, tukarudi getini. Hakuna maji yaliyokuwa yakienda popote. Nikafuta kioo kwa kidole, nikamulika.

Nyota ilikuwa ikizunguka. Polepole, bila kusita, kama mtu anayetembea akijua aendako.

Maana yake maji yalikuwa yakipotelea kati ya geti na tangi, hatua 15 za uwanja wa saruji tunapoanika nguo. Keateka alisema palipo na ufa itabidi uwanja wote uvunjwe. Ndipo nilipokumbuka terere, mchicha wa kienyeji. Kando ya ukuta, pale saruji ilipoachwa wazi kama upana wa mkeka, terere lilikuwa likiota mwaka mzima. Kiangazi chote cha 2016 huko nje majani yalikauka yakawa rangi ya unga, na sisi tulichuma mboga. Tuliliita baraka ya ploti. Shosho ndiye aliyekuwa akilipalilia.

Jumamosi fundi alichimba pale pale. Chini ya mizizi udongo ulikuwa mweusi na wa baridi, na bomba la chuma la tangu ploti kujengwa lilikuwa limeliwa na kutu hadi unalibonyeza kwa kidole gumba. Kitobo chenyewe kilikuwa kidogo, kichwa cha msumari tu. Tuliweka kipande cha bomba la plastiki, tukafukia. Mwezi uliofuata mita ilisoma yuniti 88. Yuniti 22 zilikuwa zikinywewa na udongo kila mwezi, mitungi 1,100, na kwa kuwa zilikuwa za ngazi ya juu, kila moja tuliilipia shilingi 64.

Ripoti za bodi inayosimamia huduma za maji nchini, WASREB, huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni ya maji hayalipiwi na mtu: yanavuja, yanaibwa, au yanapita kwenye mita mbovu. Zamani namba hiyo ingenipita. Sasa nikiisikia naona lile bomba lenye kutu, mara maelfu, chini ya barabara zote za mji. Gharama za kusafisha na kusukuma yale yanayopotea hazipotei nazo, hukaa ndani ya bei anayolipa mwenye beseni la bluu. Ndiyo maana nasema kampeni ya kubana maji ianze na jembe mtaani kabla ya kufika jikoni kwa mtu.

Bomba lilipona, ugomvi haukupona. Yuniti 88 bado zilikuwa nyingi, na macho ya watu yalimwendea mama wa nyumba namba 14, kwa sababu ndiye aliyeonekana. Huyu mama hufulia watu nguo, ndiyo kazi inayosomesha watoto wake, na kutwa nzima yuko uwanjani kati ya mabeseni. Katika mkutano wetu kuna aliyesema alipe mara mbili. Wengi wakaitikia. Mimi sikuitikia, lakini sikumtetea pia, na hilo linaniuma hadi leo.

Kilichotusaidia ni namna nyumba ilivyojengwa. Kila mlango una bomba lake linaloshuka kutoka tangi la juu ya paa, kwa hiyo inawezekana kuweka mita ndogo 18 huko juu, kwa safu. Fundi alitupa bei ya shilingi 2,500 kwa kila moja pamoja na kazi, jumla 45,000. Mwenye ploti alikataa, akaombwa, akakataa tena. Tulimpelekea daftari. Nilimwonyesha, "Mzee, tazama miezi hii mitano, bili haijalipwa kamili hata mara moja kwa sababu watu wanagoma, na ikikatwa, nyumba zako ndizo zitakazohamwa." Akatoa nusu. Nusu tulichanga kwa miezi mitatu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza wa mita ndogo nilipanda paani na daftari, keateka akishika mwavuli wa jua. Namba 3, yuniti mbili. Namba 14, yule mama wa kufua, yuniti saba. Namba 11, yuniti 14.

Namba 11 alikaa kijana mmoja mpole, mlinzi wa usiku, anayetoka jioni na kurudi asubuhi kulala. Hakuna aliyewahi kumdhania. Tulimgongea, akatuambia anatumia ndoo moja kwa siku, na nilimwamini. Nikaomba kuona choo. Nilidondosha nili ya kufulia ndani ya tangi la choo, tukangoja bila kuvuta maji. Baada ya dakika kumi, bakuli la choo likaanza kuwa la bluu, mstari mwembamba ukiteremka bila sauti. Raba ya ndani ilikuwa imechakaa. Kipuri kilimgharimu shilingi 150.

Niliteremka moja kwa moja hadi uwanjani kumwomba radhi mama wa namba 14. Alikuwa akikamua shuka. Alisikiliza hadi nikamaliza, akanipa upande wa pili wa shuka nishike, tukakamua pamoja. Baadaye alianza kutumia maji ya kusuuzia ya mteja wa kwanza kuloweka za mteja wa pili, kwa sababu sasa kila mtungi aliookoa ulibaki mfukoni mwake. Mwezi uliofuata mita kuu ilisoma 71. Bili yote, maji taka ndani, ilikuwa chini ya 7,000. Tuliigawa kwa yuniti, si kwa milango. Shosho alilipa kama shilingi 190.

Hakuna aliyehubiriwa. Kila mmoja aliona namba yake tu.

Lililobaki ni lile la kuhesabiwa kuwa nyumba moja. Karatasi za ploti zilionyesha kwamba mita iliombwa mzee alipokuwa na vyumba viwili vya mabati, kabla ya ghorofa, na hakuna aliyekwenda kusema mambo yamebadilika. Nilipofika ofisini niliambiwa majengo ya familia nyingi yana kundi lake la bei. Ilinichukua miezi minne ya barua, picha za jengo na nakala za kitambulisho cha mzee hadi lililobadilishwa likaonekana kwenye bili. Kama unakaa ploti ya namna yetu, soma sehemu ya juu ya bili yako, pale panapotaja aina ya mteja, kabla hujagombana na jirani.

Mwaka 2018 nilikwenda mazishini Gatanga, Murang'a, na wenyeji wakatupitisha bwawa la Ndakaini. Lilimalizika kujengwa 1994 na lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji ninayoandika daftarini hutoka hapo. Nilitarajia kuona maji tu. Nilichokitazama zaidi ni mama mmoja kwenye barabara ya mashamba ya chai, mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akipanda kilima bwawa likimetameta nyuma yake. Mwenyeji wetu alisema wengi pale hawana bomba. Watu wa Murang'a wamelilalamikia hilo kwa miaka, na lilisikika tena pale handaki la kilomita 11.8 lilipochimbwa kuchota mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuongeza maji ya Nairobi. Sikupata la kumwambia yule mwenyeji, kwa sababu mimi ndiye ninayeyanywa. Lakini ile mitungi 1,100 iliyokuwa ikilowesha terere kila mwezi nimeionea uchungu wa namna nyingine tangu siku hiyo.

Baadaye kulikuwa na kikao cha umma cha kupokea maoni kuhusu bei mpya. Sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla bei haijaidhinishwa, na Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nilikwenda na daftari. Walionitangulia walisema bei isipande, na nawaelewa. Mimi nilisema bei ikipanda au isipande, ngazi zile haziwezi kumlinda maskini wala kumfunza mtu kubana ikiwa maskini wengi wa mji huu wako 18 nyuma ya mita moja. Niliomba kila jengo jipya la kupangisha lisiunganishwe maji bila mita kwa kila mlango, na ploti za zamani zipewe mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwenye bili. Nikaomba pia kila mtaa utangaziwe maji kiasi gani yameingia na kiasi gani yamelipiwa, ili tujue ni wapi pa kuchimba. Dakika tatu zikaisha. Mtu mmoja mezani aliandika, nilimwona akiandika. Bei zilipanda baadaye. Sharti la mita kwa kila mlango bado tunalisubiri.

Daftari ni lile lile, nimelifunga jalada la nailoni. Mjukuu wa Shosho sasa yuko sekondari, na kila Jumamosi jioni hupanda paani kumsomea nyanya yake mita. Husimama ukingoni na kupaza sauti chini, namba nyeusi kwanza, nyekundu baadaye, na Shosho huziandika kwa penseli nyuma ya kalenda. Jumamosi iliyopita alikaa kimya huko juu muda mrefu kuliko kawaida. Kisha ngazi nzima ikasikia:

"Shosho! Kwetu kumefungwa, na nyota inazunguka!"

Yule mlinzi wa namba 11 alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Alitoka mlangoni na spana mkononi, akaanza kuteremka kuelekea kwa Shosho.